Pumzi ya Kumtoa Sabrina

Sauti ya tarumbeta ilimkatikia Asmani kule Kabezi, mchana kweupe, bibi harusi akiwa katikati ya uwanja. Ilianza vizuri, ikapanda, kisha ikatoa mlio wa bata aliyekanyagwa, ikafa. Bibi harusi akasimama, hajui aende au arudi. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wakanyamaza, halafu mmoja wao, na huyo hakosekani katika shughuli yoyote, akacheka.

Kwa kundi la matarumbeta la Jamali jambo hilo halikuwa dogo. Nyimbo nyingine za harusi hupigwa na kundi zima, na mmoja akikosea ngoma zinamfunika. Lakini bibi harusi anapovuka kizingiti cha nyumba ya baba yake, ngoma hunyamaza na tarumbeta moja hubaki peke yake na sauti moja ya juu, kwa pumzi moja, mpaka bibi harusi akae ndani ya gari na mlango ufungwe. Wao huita kumtoa. Sauti ikikatika njiani hakuna anayesema kuwa ni nuksi, maana shehe alishakemea maneno hayo. Wanakwenda nayo nyumbani kimoyomoyo.

Asmani alikuwa fundi cherehani karibu na soko la Rumonge, mji wa kando ya ziwa, na kazi ya kutoa mabibi harusi ilikuwa yake tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alikuwa amewatoa mabinti wa watu kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac. Nguvu zake zilikuwa mikononi. Sauti ikigoma kupanda, alilivuta tarumbeta kwa mikono miwili na kukikandamiza kidomo chake, kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa midomoni, mpaka meno yalalamike. Sauti ilipanda kwa kulazimishwa, kama mbuzi anavyopandishwa kwenye karandinga, lakini ilipanda.

Kidomo kilimwachia duara jekundu juu ya mdomo, na wenzake waliliita muhuri. Kundi lilikuwa na sheria yake. Harusi ikiisha na sinia la pilau likiletwa, kila mpiga tarumbeta humwonyesha mwenzake muhuri wake, na mwenye muhuri uliozama zaidi ndiye anayechukua nyama ya kwanza. Siku nyingi nyama hiyo ilikuwa ya Asmani. Aliila bila pilipili, kwa kuwa mdomo ulikuwa umechubuka na pilipili ingemtoa machozi mbele ya watu, lakini aliila wa kwanza.

Ile siku ya Kabezi alikuwa na muhuri mkubwa kuliko wote, na hakuna aliyemsogezea nyama.

Walipokuwa wakirudi, Jamali, mkubwa wa kundi, alikaa naye kiti kimoja garini. Walikuwa marafiki tangu chuo cha Kurani, walichapwa na mwalimu mmoja.

"Mudomo inauma?" akauliza Jamali.

"Haiumi. Ndiyo shida. Sisikii kitu. Imekufa ganzi."

Jamali akashusha sauti. "Harusi ya Sabrina iko nyuma ya Idi."

"Ninajua. Ni mutoto wangu."

"Ndiyo maana ninasema. Ile ya Kabezi watu wataisahau. Ile ya mutoto wako hawataisahau. Kama mudomo haitapona, tutamuweka Olivier."

Sabrina ndiye binti pekee wa Asmani. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa chini ya meza ya cherehani, akicheza na vipande vya vitambaa, na kila baba yake aliporudi kutoka harusini aliuliza swali lile lile: "Na mimi utanitoa?" Asmani alimjibu kila mara kwamba atamtoa mpaka ng'ambo ya ziwa wasikie. Ahadi ya mtoto hailipwi kwa sarafu nyingine. Na sasa aambiwe kuwa Olivier ndiye atakayempulizia mwanawe!

Huyu Olivier alikuwa kijana wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, Mkristo, aliyevuka na wazazi wake wakati wa vita na kubaki Rumonge. Siku za kazi alikamua mawese kwenye kinu kilichokuwa nje ya mji, na Jumapili alipiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya kanisa lao. Jamali alimwita pale tu watu walipopungua. Wenzake walimpenda, ila walimcheka, kwani Olivier hakuwahi kuwa na muhuri. Angepiga harusi nzima, na midomo yake ikabaki kama ya mtu aliyetoka kulala. "Yule hapigi," Asmani alikuwa akisema, "yule analibusu." Na Olivier akawa anakula nyama ya mwisho bila kununa.

Wiki nzima Asmani aliuguza mdomo wake kwa dawa anayoijua. Kila mpiga tarumbeta wa kundi lile alikuwa na kichupa cha mawese mfukoni, na kabla ya kupiga alijipaka midomo mpaka ing'ae. Rumonge mawese hutiwa kila mahali: kwenye maharage, kwenye ngozi ya mtoto mchanga, kwenye bawaba za mlango. Baba yake Asmani alijipaka, naye akajipaka. Wiki hiyo aliongeza. Alipojaribu kupiga, mdomo ulikufa ganzi haraka kuliko Kabezi.

Mkewe, Raisa, alimtazama siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili. Ya tatu akasema.

"Baba Sabrina, nenda kwa Olivier."

"Nikamuulize nini mutoto yule?"

"Umuulize kwa nini yeye mudomo yake nzima na yako imekufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mimi nilikuwa ninapiga yeye hajazaliwa."

"Ndiyo. Na mudomo yako imezeeka kabla yako." Raisa akaendelea kuchambua mchele. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee hawakusema mgeni wa dini gani."

Asmani akaenda, tarumbeta kwapani, lakini alikwenda kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya duka la Jamali.

Olivier alikuwa kinuni, amelowa mafuta mekundu hadi viwikoni. Alinawa, akafuta mikono, akatoa kiti.

"Amahoro, Papa Asmani. Karibu."

Asmani alieleza kwa mkato, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jirani. Olivier hakucheka. Akamwomba apige kidogo. Asmani akatoa kichupa, akajipaka mawese, akapiga. Olivier hakuangalia midomo hata mara moja. Aliangalia mikono.

"Papa, ule mukono wa kushoto unavuta. Na kale kadole kadogo ka kuume, nakaona kamengia mu ile ndoano ya juu. Kenyewe pia kanavuta. Mikono mbili inapigana na mudomo moja. Mudomo itashinda namna gani?"

Akachukua tarumbeta, akalilaza juu ya kiganja kilichokunjuliwa, vidole vimenyooka, hakuna kilichoshika kitu. Akasogeza midomo, akapuliza. Ikatoka sauti ndefu, si kubwa, lakini imenyooka. Kisha akampa Asmani afanye vilevile.

Asmani akalilaza juu ya kiganja. Akapuliza. Ukatoka upepo. Akapuliza tena, tarumbeta likarudi nyuma kiganjani na kumwacha ametoa midomo mbele. Mtu aliyetoa mabibi harusi wa pwani nzima, hana hata sauti ya kumfukuza kuku. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

"Itakuya," alisema Olivier. "Nguvu inapashwa kutoka mu pembe za mudomo, huku na huku. Katikati inabaki laini. Kila siku unapiga polepole, sauti ndogo sana. Nyumba yenu inapakana na nani?"

"Bibi Fatuma."

"Basi piga kusudi Bibi Fatuma asisikie. Akisikia, umeshindwa. Na ukipiga kidogo, unapumuzika kidogo, sawasawa na vile ulipiga. Tena chukua kalamu ya risasi, uishike na midomo, hapana na meno. Ishike mpaka pembe zichoke." Akakiona kichupa. "Na ile mawese, Papa, iache. Inaterezesha. Mudomo ikitereza, mukono inakaza."

Hapo Asmani akasimama. Mengine yote alikuwa ameyameza, hili likamkwama kooni.

"Wewe unakamua mawese tangu asubuhi, unaniambia mimi, mutu wa Rumonge, mawese ni mbaya?"

"Ya kupika iko muzuri sana, Papa."

"Murakoze," alisema Asmani, kwa namna ile ambayo shukrani huwa matusi, akaondoka na kichupa chake.

Mwezi ukaandama. Ramadhani ikiingia, matarumbeta hufungwa kabatini. Hakuna harusi katika mtaa wa Waswahili, na anayepiga ala mwezi mtukufu atasikia maneno. Jamali na wenzake wakapumzika. Asmani alichukua kalamu ya kuchorea vitambaa, akaibana midomoni na kuanza kushona.

Zoezi hilo lilimletea ugomvi siku ya kwanza tu. Evangelina, mama mmoja mwalimu, alikuja kuulizia blauzi yake. Akasalimia. Asmani akatikisa kichwa, kalamu imemtoka mbele kama mdomo wa ndege. Mama akasalimia tena.

"Amahoro, fundi! Nimekusalimia mara mbili unanionyesha kalamu. Blauzi imeharibika, ndiyo?"

Asmani aliangusha kalamu na kumwapia kuwa blauzi ni nzima. Mama Evangelina hakuamini mpaka alipoivaa. Tangu hapo wateja walizoea. Walisema fundi ameweka nadhiri ya kutosema uongo ndani ya mwezi, na njia aliyoipata ndiyo hiyo, kuziba mdomo.

Alasiri, kabla ya kwenda kungojea adhana, alijifungia chumbani na kulilaza tarumbeta kiganjani. Kidole kidogo alikitoa kwenye ile ndoano ya tarumbeta, na kilipojirudia chenyewe akakifunga na kile cha jirani kwa uzi wa cherehani. Mara ya kwanza sauti ilipotoka, aliifurahia mno, akaipandisha. Ukuta ukagongwa.

"Baba Sabrina! Mwezi mutukufu huu! Unalia kama mutu anayekata roho!"

Alikuwa Bibi Fatuma. Asmani akajua ameshindwa. Kesho yake alipunguza. Bibi Fatuma akakohoa tu. Zilipopita siku kadhaa ukuta ukanyamaza, naye akaogopa kuwa bibi kasafiri. Alimkuta mlangoni anapepeta dagaa.

"Umeacha lile puliza lako? Mungu akulipe," alisema bibi. Asmani akamshukuru kwa moyo wake wote, na bibi hakuelewa anashukuriwa nini.

Lakini kuna jambo lilimtatiza. Alasiri, na njaa na kiu, midomo mikavu, alipiga vizuri. Baada ya kufuturu, ameshiba uji na tambi, ana nguvu, alipiga vibaya: mkono unaanza kuvuta, mdomo unakufa ganzi. Kwanza aliona ni shibe. Akapunguza tambi, Raisa akakasirika. Hali ikabaki ile ile. Siku moja, akiwa anafungua kichupa baada ya futari, aliganda nacho mkononi. Alasiri hakuwa akijipaka mawese. Alihofia yasije yakapita kooni na kumharibia saumu. Alikuwa akijipaka usiku tu.

Alifunga kichupa. Akapiga hivyo hivyo, mdomo mkavu, tumbo limejaa. Kidomo kilikaa pale alipokiweka. Hakikuteleza, na mkono haukuwa na sababu ya kukifuata na kukikaza. Alipiga, akapumzika, akapiga tena. Ganzi haikuja.

Asmani alikaa kitandani akiwa amechukia. Alimchukia Olivier kwa kuwa amesema kweli, halafu akajichukia mwenyewe, hilo likachukua muda zaidi. Miaka yote ile alikuwa akijitelezesha kwa mkono mmoja na kujikaba kwa mwingine, na maumivu yake akayaita muhuri, akayalia nyama. Alitoka uani, akampa Raisa kichupa.

"Tia kwenye maharage."

Raisa aliangalia kichupa, akamwangalia mumewe, akafungua mdomo. Kisha, na hili lilimgharimu, akaufunga, akatia mawese kwenye maharage.

Kesho yake Asmani alipita mbele ya duka la Jamali, njia ya wazi, akaenda kinuni. Alimkuta Olivier anabeba mkungu wa chikichi.

"Mawese nimeacha," alisema.

"Aksanti, Papa," alisema Olivier, kana kwamba ndiye aliyesaidiwa, na wakapiga pamoja kidogo nyuma ya kinu.

Isidhaniwe kuwa baada ya hapo mambo yalikwenda mteremko. Sauti ya juu, ile ya kumtoa bibi harusi, ilikataa. Pembe za mdomo zilimuuma mpaka kutafuna tende ikawa kazi. Mara mbili alikata tamaa akavuta kwa mikono kama zamani, sauti ikaja, na ganzi ikaja nayo. Ilikuwa kumi la mwisho la mwezi alipoipata kwa njia mpya. Ilikuwa ndogo, lakini ilikaa, na mkono wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa.

Jamali alikuja kusikiliza siku ya pili ya Idi. Asmani akampigia. Jamali alisikiliza hadi mwisho, akamsogelea na kumkagua mdomo.

"Muhuri uko wapi?"

"Hakuna."

"Ndugu yangu, hii ni sauti ya kubembelezea mutoto. Wakwe zako ni watu wa Nyanza-Lac, wamerudi kutoka Kigoma, wanacheka kila kitu cha hapa." Akageukia mlangoni. "Utapiga. Sitakunyima. Lakini Olivier atasimama kando yako, na tarumbeta mukononi. Ukikatika, anapokea."

Asmani akasema sawa. Ilimuuma kuliko kama angenyimwa. Usingizi ulimpaa, na fajiri alikuwa wa kwanza msikitini.

Siku ya harusi uwanja wa Asmani ulijaa hadi barabarani. Wageni wa Nyanza-Lac walikuwa wamesimama upande wa gari, wamevaa vizuri, wanasubiri kucheka. Ngoma zilipiga, watu wakacheza, kisha Jamali akainua mkono na kila kitu kikanyamaza. Sabrina akatokea mlangoni, shela usoni, hina hadi viwikoni. Olivier alisimama hatua moja nyuma ya Asmani.

Asmani akalamba midomo mikavu, akavuta pumzi, akapiga.

Sauti haikupasua anga. Ilitoka imenyooka, ikajaa uwanja taratibu, na watu wa mbali wakasogea ili waisikie. Sabrina akavuka kizingiti. Akatembea vizuri, hatua baada ya hatua, mpaka katikati. Hapo akamwona mama yake. Raisa, mwanamke wa maneno makali, alikuwa amesimama penye kamba ya nguo analia bila kujifunika uso. Sabrina akasimama. Akageuza kichwa nyuma, mlangoni. Wanawake wakamwita kwa sauti ya chini, "Twende, mwanangu, twende." Hakwenda.

Pumzi ilikuwa inaisha. Asmani aliihisi inashuka tumboni kama maji ya mtungi. Nyuma yake Olivier alikuwa tayari ameinua tarumbeta. Zamani Asmani angekuwa na mikono miwili imeng'ang'ania, na macho yamefumba kwa maumivu, asingemwona hata mtoto wake. Sasa macho yalikuwa wazi, na mkono wa kushoto haukuwa na kazi.

Akauondoa kwenye tarumbeta.

Sauti ilitetemeka, ikapungua, haikukatika. Asmani akaenda kwa Sabrina na kumpa mkono. Sabrina aliushika kwa vidole vyote, akaukamua kwa namna alivyokuwa akiushika walipovuka barabara akiwa mdogo. Wakatembea. Tarumbeta lilikuwa juu ya mkono mmoja, binti kwenye mwingine, na sauti ikawa ndogo kiasi kwamba wageni wa Nyanza-Lac waliacha kunong'ona. Alimwingiza garini. Mtu akafunga mlango. Asmani akatoa tarumbeta mdomoni na kugundua kuwa machozi yanamtoka, akaacha yatoke.

Vigelegele vilipolipuka, Olivier alikuwa ameshateremsha tarumbeta lake zamani.

Baadaye sinia likaletwa chini ya turubai. Wapigaji wakakaa kulizunguka, wakaanza kuonyeshana midomo kama kawaida yao. Bibi Fatuma alikuwa anapita na jagi la maji, akasimama kusikiliza. Jamali alifika kwa Asmani, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Mdomo ulikuwa mzima.

"Sheria ni sheria," alisema Jamali, ingawa hakuwa na furaha kusema hivyo. "Hakuna muhuri."

Asmani alikunjua mkono wa kushoto, akauweka juu ya ukingo wa sinia. Kiganjani kulikuwa na alama nne za kucha za Sabrina, nyekundu, moja imetoa damu kidogo.

Jamali aliziangalia. Wengine nao wakainama kuziangalia. Kisha Jamali akachagua pande la nyama, kubwa, lenye mfupa, akaliweka mbele ya Asmani. Asmani akaligawa, nusu akampa Olivier, akaomba pilipili.